Baba Si Mnara

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu zote ambazo hazikukufikia tangu mvua zilipoanza. Zigawe mwenyewe asubuhi na jioni mpaka ziishe. Natumai kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimeachia, na kwamba unakula chakula kilichopikwa, si mkate na chai tu kama ninavyokujua ukiwa peke yako. Sisi huku tunaamka kila siku, na mama alikuwa akisema aliyeamka asilalamike sana. Baba ni mzima kwa kiasi chake. Magoti yanamsumbua, sukari imetulia, na usingizi wa mchana umemzoea mno, hata siku hizi usingizi ndio unaomtafuta yeye.

Nakuandikia nikiwa dukani, nyuma, kwenye chumba cha pasi. Ukungu umekaa barabarani tangu alfajiri na wateja ni wachache. Humu ndani namo mvuke umetanda. Mashati yaliyokwisha kunyooshwa yananing'inia kwenye reli, na feni ikigeuka nayo yanageuka taratibu, mkono wa hili ukiligusa lile, kama watu waliosinzia wakiwa wima. Kazi ya udobi ina usingizi wake, kaka. Kuna saa sijui kama niko macho au naota napiga pasi. Nimengoja saa kama hii ndipo nikuandikie, kwa sababu ninalotaka kukuambia nikilisema kwa haraka litavunjika.

Barua yako niliipata. Uliniandikia kwamba umepata amani. Ulisema kipindi cha redio kimekueleza kwa muda mfupi jambo ambalo nyumba yetu ilishindwa kukueleza miaka yote: kwamba baba ni Mnara, na mnara haukuumbwa na mlango, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kuendelea kubisha hodi. Ukasema nawe umeyajibu yale maswali ya kipindi ukajikuta Mnara vilevile. Halafu, chini kabisa ya ukurasa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukasema wifi amemchukua mtoto wakaenda kwa wazazi wake, nawe hukuwazuia, kwani ndivyo mlivyoumbwa wewe na baba. Nilipofika hapo niliizima pasi. Niliona nitaunguza suruali ya watu.

Huko uliko huenda unakisikiliza kipindi chenyewe tu, hujui kilivyotuingia huku. Kila Jumapili mchana, watu wakiwa wameshiba na macho yamelegea, yule daktari wa saikolojia hufungua kipindi kwa sauti yake laini, sauti ya mtu anayekufunika shuka. Humchagua mtu mashuhuri, aliye hai au aliyekufa, akapiga kanda zake za zamani, akasoma aliyoyasema magazetini, kisha akamweka mahali pake. Anayewaendea watu ni Mto. Anayewaka upesi ni Moto. Anayejificha ni Kivuli. Anayesimama peke yake asimhitaji mtu ni Mnara. Sitakudanganya, nilikipenda. Ukimsikia mkubwa akikatwa vipande kama mkate, unajiona umeketi naye mezani. Hata siku alipomwita yule mwigizaji maarufu kuwa ni Moto kwa sababu ya ukali wake kwenye filamu, sikujiuliza kwamba ukali wa kwenye filamu huandikwa na mtu mwingine, naye mwigizaji akalipwa kuusema.

Wateja wangu ndio usiseme. Mwenye suti za harusi akija kuzichukua ananiambia bosi wake ni Kivuli na paka wake ni Mto. Mwalimu wa hesabu aliachana na mchumba wake kwa kuwa Moto na Moto hawakai chungu kimoja. Mapazia, mashuka, makoti, yote yanakuja dukani na nafsi za wenyewe, nami nayapokea.

Basi siku ya baba ilipofika tulikaa wote wawili sebuleni kumsikiliza Mdomo wa Shaba, kama wapenzi wa muziki walivyomwita baba, akielezwa. Daktari alipiga tarumbeta yake ya zamani, ule wimbo wa polepole ambao mama alikuwa akiufuata kwa kidole mezani, na chumba kizima kikawa kama kiko chini ya maji. Kisha akaanza kuhesabu. Mbona mpigaji huyu, umati ulipokuwa ukimshangilia, aligeuka akaondoka jukwaani kana kwamba hakuna mtu? Mbona kwenye mahojiano yake pekee ya televisheni alijibu maswali ya mtangazaji mmoja na kumpuuza mwenzake? Mbona waziri alimnyooshea mkono uwanja wa ndege akapita? Mbona husimama pembeni kabisa ya jukwaa, mbali na wenzake wote? Huyu, akasema, anachagua wa kumsikia. Huyu ni Mnara.

Nilimtazama baba nikidhani amekasirika. Kaka, alikuwa ametulia kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Alisema tu kwamba yule mama wa redioni ana akili. Tangu siku ile akaanza kuuvaa unara wake kama koti. Mgeni akibisha hodi, ananiambia nimjibu kwamba Mnara hapokei wageni. Na watu wakakubali bila kinyongo, hilo ndilo lililonishangaza. Walikwenda zao wakitabasamu, wamefurahi kukuta mambo ni kama walivyosikia. Hata yule mpiga ngoma wa bendi, aliyekuwa akija kila wiki kubishana naye, aliacha kuja. Nilikutana naye sokoni akaniambia hataki kumsumbua mtu aliyeumbwa kwa upweke. Jioni hizo baba alikaa dirishani na kofia yake magotini. Nami nikasema moyoni, ndivyo alivyo.

Kisha daktari mwenyewe akaomba kuja nyumbani kuandaa kipindi cha pili. Alikuja na fundi mitambo wake. Ni mwanamke mpole, kaka, usimdhanie vibaya; alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Aliketi kwenye kiti cha karibu na kabati, fundi akaketi upande wa pili karibu na dirisha. Akamuuliza baba umaarufu ulimfanya ajisikieje. Baba akatazama shuka zilizoanikwa uani. Akamuuliza kama aliwahi kumkosa mtu. Baba akaendelea na shuka zake. Lakini yule fundi alipouliza kama anaweza kufunga dirisha kwa sababu ya upepo, baba alimjibu kwa kirefu, akamweleza bawaba ile ilivunjikaje, mpaka akamchekesha. Tulipotoka ukumbini daktari alininong'oneza kwamba ndivyo Mnara alivyo, humfungukia yule tu asiyetaka kitu kwake. Niliyaona maneno ya hekima. Niliyabeba mpaka jikoni.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Wiki iliyofuata baba alinisindikiza dukani. Alisema amechoka kutazama ukuta. Nilimweka hapa nilipo sasa, akawa anatembea kati ya nguo huku amefunga mikono nyuma, akizitazama zikizunguka, na mvuke ukimfunika mpaka kiunoni. Alikuwa kama mtu anayepita katika ndoto ya mtu mwingine. Ghafla vali ya mashine kubwa ya pasi ikafyatuka. Unajua ilivyo, mvuke ulipiga mluzi wa kupasua kichwa, msichana wa kaunta akapiga yowe na kuangusha trei ya vifungo, mimi nikajibanza ukutani. Mashine ilikuwa kushoto kwa baba, karibu kabisa naye. Baba alinyanyua kichwa kidogo, akatazama kulia, mlangoni, kana kwamba kelele imetokea barabarani. Kisha akarudi kwenye mashati yake.

Niliifunga vali. Nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi, nikiutazama ule mlango alioutazama yeye. Nikamsogelea nikasimama kushoto kwake, karibu kiasi cha kuona mvi za shavuni. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida:

"Baba, ile tarumbeta yako nimeiuza."

Hakusogeza hata ukope. Alikuwa anagusa ukosi wa shati jeupe kwa ncha ya kidole.

Nikazunguka nyuma yake, nikasimama kulia, nikayarudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini zaidi. Aligeuka kwa nguvu mpaka akashika reli. Aliniuliza nimemuuzia nani. Nikamwambia sijamuuzia mtu. Alinitazama, nami nikamtazama, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mzima: uso wa mtoto aliyekutwa chini ya kitanda.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

Tulifunga duka tukarudi nyumbani polepole, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa barabara, kulia kwake. Tulipokaa mezani alinieleza yote bila mimi kumuuliza, kama mtu anayefungua mkoba na kuutikisa. Alipokuwa mtoto, kabla hajajua kusoma, aliugua homa kali, na alipopona sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Hasikii nalo chochote, kaka. Hajawahi kusikia nalo chochote tangu mimi na wewe tuzaliwe. Alipojiunga na bendi alificha, kwani mwanamuziki wa sikio moja angeambiwa akatafute kazi ya kubeba spika. Ndiyo sababu alisimama pembeni kabisa, ili bendi nzima iwe kulia kwake. Umati ukishangilia, kelele zote humjia kama mvua juu ya bati, asijue nani anamwita wala anaitiwa wapi, basi huondoka upesi kabla hajaaibika. Waziri alikuwa amekuja kushotoni. Mtangazaji aliyepuuzwa alikuwa kushotoni. Daktari wetu mpole aliketi kushotoni.

Mama peke yake ndiye aliyejua, naye aliapishwa kabla ya harusi. Nikamuuliza baba kwa nini alikubali kuitwa vile. Akasema:

"Ni rahisi kuitwa mwenye maringo kuliko kuitwa kiziwi. Mwenye maringo hupewa jukwaa."

Na hapo, kaka, nilikitazama kiti chako. Meza ni ileile, imesimama palepale. Baba na mgongo ukutani, mama ng'ambo yake, mimi kulia karibu na mlango wa jikoni kwa sababu nilikuwa namwaga chakula, na wewe kushoto. Hakuna aliyepanga kwa ubaya. Viti vilikaa hivyo, na sisi tukakua humo kama mimea kwenye makopo.

Nimekuwa nikikumbuka tangu siku ile, nikikunja mashuka ya watu. Ulivyokuwa ukirudi kutoka shule na habari zako, ukaanza kuzieleza, ukanyamaza katikati. Mama alivyokuwa akiyachukua maneno yako na kuyarudia kwa sauti, mwanao anasema hivi, mwanao amefanya vile, na wewe ukachukia kwamba baba hakusikii mpaka upitie kwa mkalimani. Mwishoni ukawa unaongea na sahani yako. Na mimi, ambaye sikuwa na la maana la kusema, nilijibiwa kila neno, nikachekewa kila utani. Nimeishi nikijua kwamba mimi ndiye kipenzi cha baba. Niliuvaa upendeleo huo mpaka ukubwani; ndio ulionirudisha nyumbani kumtunza yeye, mama alipofariki. Kumbe lilikuwa ni suala la kiti. Sijui nikwambieje jambo hilo linavyomfanya mtu ahisi. Ni kama kuamka na kukuta mto uliokuwa umeulalia ni wa mwenzio.

Nilimuuliza baba kuhusu wewe. Akakigeukia kiti chako. Kisha akasema kwamba wewe ulikuwa mtoto usiyependa maneno. Alisema alikuonea huruma na kukuheshimu, akakuachia kimya chako, akiamini ndivyo ulivyoumbwa.

"Baba," nikamwambia, "hakuwa wa kimya. Alikuwa kushoto."

Sitakuandikia jinsi alivyolia. Ni mambo yake. Nitakuandikia tu alichosema kuhusu siku ile ya stesheni, ile uliyoitaja kwenye barua yako kama ushahidi wa mwisho, ulipomwita kutoka dirishani mwa treni naye akabaki ameipa barabara uso. Anasema alisimama pale, treni ikiwa kushoto kwake, akingoja umwite. Alikuwa amejiandaa kwa maneno, ameyapanga njia nzima. Treni ilipoondoka alimwambia mama, mwanao ameondoka bila kuniaga. Ndivyo mlivyoachana, kaka: wewe ukiamini umemwita akakataa, yeye akiamini hukumwita.

Daktari tulimwita mimi na baba. Safari hii baba alimwonyesha mwenyewe pa kuketi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akakiri kwamba kati ya watu wote aliowapanga redioni, hakuna hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumuuliza swali kabla ya kumpanga; alisoma tu nyuso zao kwenye picha na kanda. Aliomba ruhusa ya kuyatangaza. Baba akasema sawa, lakini kwa sharti moja, kwamba mwanawe ayapate kwanza kutoka nyumbani, asiyakute redioni kama habari za mtu wa mbali. Ndiyo maana umeletewa barua hii. Lakini dunia haina dawa, kaka. Akiwa mlangoni anavaa viatu vyake, daktari alinishika mkono akaninong'oneza kwamba sasa ameelewa, baba si Mnara hata kidogo, ni Kivuli. Nilicheka mpaka nikalazimika kushika mlango. Nilipomweleza baba alitaka kujua Kivuli hupokea wageni au hapokei, kwa sababu mpiga ngoma alikuwa tayari anabisha hodi. Waliketi mpaka jioni wakigombana kuhusu ni nani aliyewahi kukosea wimbo gani, mpiga ngoma akiwa kulia, akipayuka kuliko ilivyohitajika.

Nawe, kaka, usiniambie tena kwamba wewe ni Mnara. Mimi sina shahada ya nafsi za watu. Nafahamu madoa tu. Lakini naona ulijibu yale maswali ukiwa na miaka yako yote ya kuita bila kuitikiwa, na mtu wa namna hiyo akiulizwa kama anawahitaji wengine atasema hapana. Kisha ukamchukulia baba yule wa redioni, ambaye hayupo, ukamfanya ndiye kipimo cha wewe ambaye upo, na kwa kipimo hicho ukamwacha wifi abebe masanduku na mtoto ateremke ngazi. Mwendee. Kama hujui la kusema, msomee barua hii. Mwanao bado hajafikia umri wa kuongea na sahani.

Kuna jambo moja nimelisogeza mpaka mwisho kwa sababu ndilo zito. Daktari wa masikio amelipima sikio la kulia, nalo linachoka. Si ugonjwa, ni uzee na tarumbeta. Redio haisikii vizuri tena, simu ndiyo kabisa, hata ukipiga atasikia upepo tu. Bado anamsikia mtu aliyekaa karibu naye na kusema polepole. Daktari hakutaja muda, nami sikumlazimisha. Alisema tu kwamba mwenye neno lake asiliweke akiba.

Nilimuuliza baba nikuandikie nini kwa upande wake.  Akasema:

"Mwambie aje aniambie yale aliyokuwa akisema."

Nilimuuliza yapi, maana ni mengi na ni ya zamani. Akasema yote.

Nisalimie wifi utakapomwona, na umwambie yale mashuka yake ya maua bado ninayo, nayafua kila mwezi yasije yakanuka kabati. Mbusu mtoto mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yake. Ukungu sasa umeinuka, naona watu wanavuka barabara kuja na nguo zao. Ngoja niwafungulie.

Ni mimi nikupendaye,
Kitinda wako